Swali la Kura ya Maoni: Kalamu Iko Mikononi mwa Nani?

Muuza duka akikuuliza, "Leo sukari huchukui?", nawe ukajibu "Ndiyo", ataelewa kwamba huchukui, na mazungumzo yataendelea kwenye bidhaa nyingine. Mtu aliyeulizwa swali hilo hilo kwa Kiingereza angejibu kwa neno la kukanusha ili kutoa maana ile ile. Katika Kiswahili "ndiyo" huafiki kauli ya muulizaji jinsi alivyoitoa, hata kama kauli yenyewe imekanusha. Dukani tofauti hiyo haina madhara, kwa kuwa muuzaji akiwa na shaka atauliza tena. Ndani ya kituo cha kupigia kura hakuna wa kuuliza tena. Katika nchi yenye lugha rasmi mbili, kama Kenya, karatasi ya kura yenye swali la kukanusha ingeweza kuwafanya watu wawili wenye nia moja, mmoja akisoma mstari wa Kiswahili na mwenzake ule wa Kiingereza, waweke alama katika visanduku viwili tofauti, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba ameitetea hoja yake, kumbe wamefutana.

Hatari hii ya lugha ni mlango mzuri wa kuingilia katika mada ambayo kwa kawaida huachiwa wanasheria. Tunapozungumzia kura ya maoni, macho yetu huwa kwenye kampeni na baadaye kwenye asilimia za matokeo. Mara chache tunarudi nyuma kuuliza ni nani aliyeandika swali, alilipitisha kwa nani, na ni majibu gani aliyoyaacha nje. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mamlaka makubwa katika kura ya maoni yamo mikononi mwa anayeshika kalamu hiyo, na kwamba raia anao wajibu wa kulichunguza swali kwa bidii ile ile anayoitumia kuchunguza jibu lake.

Tuanze na maana ya "Ndiyo" yenyewe. Katiba ya Italia inaruhusu wananchi kupiga kura ya kufuta sheria iliyokwisha kupitishwa na Bunge. Kwa kuwa kinachopendekezwa ni kufuta, anayetaka sheria ibaki hulazimika kujibu "Hapana". Mwezi Mei 1974, Waitalia waliulizwa kama sheria iliyoruhusu talaka ifutwe. Aliyeunga mkono haki ya kutalikiana alitakiwa kupiga kura ya Hapana, na aliyeipinga akapiga ya Ndiyo. Asilimia 59 hivi walisema Hapana, na talaka ikabaki kuwa halali. Wapiga kura walielewa, lakini ilibidi kampeni zitumie nguvu nyingi kuwafafanulia watu kwamba kukataa ndiko kukubali. Nguvu hizo zingeweza kutumika kujadili ndoa na familia, ambayo ndiyo iliyokuwa mada.

Hata swali lisilo na ukanushi laweza kuinamia upande mmoja. Serikali ya Uskoti ilipokuwa ikiandaa kura ya uhuru ya mwaka 2014, ilipendekeza swali ambalo kwa Kiswahili tungelisema hivi: "Je, unakubali kwamba Uskoti inapaswa kuwa nchi huru?" Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ililipeleka kwa wananchi wa kawaida, ikawasikiliza wakilisoma na kulieleza, kisha mwanzoni mwa 2013 ikashauri kwamba maneno "unakubali kwamba" yaondolewe kwa sababu yanamvuta msomaji kuelekea kukubali. Serikali ya Uskoti iliupokea ushauri huo. Swali lililochapishwa likawa, "Je, Uskoti inapaswa kuwa nchi huru?", na tarehe 18 Septemba 2014 asilimia 55 ya waliopiga kura walijibu Hapana. Tume hiyo hiyo ililishughulikia pia swali la kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mswada wa kwanza wa serikali uliuliza kama Uingereza iendelee kuwa mwanachama, kwa majibu ya Ndiyo na Hapana. Tume ilishauri swali litaje njia zote mbili, kuendelea na kujitoa, na majibu nayo yaandikwe kwa maneno kamili. Kwa hiyo mwaka 2016 hakukuwa na neno "Ndiyo" wala "Hapana" kwenye karatasi. Kulikuwa na "kubaki" na "kujitoa".

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulitilia maanani somo la Uskoti. Kitenzi "kukubali" kina adabu ndani yake. Mtu mzima akiniuliza "unakubali?", tayari amenipa kazi ya kumkatalia, na malezi yetu hayapendi kumkatalia mkubwa usoni. "Kuidhinisha" ni neno la ofisini; wapo wapiga kura wengi waliolisikia mara chache tu maishani mwao, na wale wanaolijua wanalihusisha na mihuri na sahihi za wakubwa. "Kuridhia" kunagusa moyo, kana kwamba mtu anaulizwa kama ametosheka. Kwa maoni yangu, lugha yetu ina chombo bora kuliko vyote hivyo, nacho ni kile kiishio cha -e tunachokitumia kila siku bila kukifikiria: "Je, Katiba hii ianze kutumika?" Swali la namna hiyo linataja jambo na matokeo yake, bila kumwomba mtu ridhaa wala kumtaka amfurahishe yeyote. Anayejibu Hapana anakataa jambo, hamkatai muulizaji.

Jina la zoezi lenyewe nalo lina utata. Tanzania husema "kura ya maoni", na neno hilo hilo, kwa wingi, hutumika kwa mchujo wa wagombea ndani ya vyama. Kenya, "kura ya maoni" huweza pia kuwa utafiti wa kujua mgombea gani anaongoza, na huenda ndiyo sababu wengi huko wamehamia kwenye "kura ya maamuzi". Kati ya maoni na maamuzi pana umbali. Ile kura ya Uingereza ya 2016 haikuifunga serikali kisheria, ingawa kisiasa hakuna aliyethubutu kuipuuza. Kura ya katiba ya Kenya ya 2010 iliamua moja kwa moja. Mpiga kura anastahili kuelezwa, kabla ya kuingia kituoni, kama anashauri au anaamua.

Mfano wa swali lililobeba kampeni ndani yake uko karibu zaidi na nyumbani. Mwezi Julai 2005, Waganda waliulizwa kama wanakubali kufungua uwanja wa siasa ili wale wanaotaka kujiunga na vyama mbalimbali wafanye hivyo na kushindania madaraka. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilikuwa chini ya mfumo wa Movement wa Rais Yoweri Museveni, uliovizuia vyama kushindana, na wakati huo Rais mwenyewe alikuwa upande wa Ndiyo. Litazame swali kwa makini: "kufungua" ni neno la heri, "wanaotaka" linahakikisha kwamba hakuna anayelazimishwa, na jina la mfumo uliokuwa ukiondolewa halikutajwa. Zaidi ya asilimia 92 walisema Ndiyo. Vyama vya upinzani vilivyotarajiwa kufaidika na jibu hilo viliwataka wafuasi wao wasusie, kwa hoja kwamba uhuru wa kujiunga na chama ni haki, na haki haiombewi kura. Hoja hiyo naiona nzito. Pale ambapo kuuliza kwenyewe kunakiri kwamba jambo laweza kukataliwa, aliyechagua kuuliza ameshapata sehemu ya alichokitaka hata kabla ya kura kuhesabiwa.

Hadi hapa tumeshughulika na maneno. Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, huwa katika kile kilichofungwa pamoja ndani ya swali moja fupi. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliulizwa kama wanaiidhinisha katiba mpya iliyopendekezwa, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana. Swali lilikuwa jepesi kusoma, lakini katiba yenyewe ina vifungu 264. Wapo waliopenda ugatuzi wa serikali za kaunti na sura ya haki za binadamu, lakini wakakwazwa na kifungu kinachohusu uhai na utoaji mimba, ambacho viongozi wengi wa makanisa walikipinga waziwazi. Wengine walikwazwa na kutajwa kwa mahakama za kadhi, na wengine na sura ya ardhi. Mtu wa aina hiyo hakuwa na kisanduku cha kusema "yote isipokuwa hili". Alilazimika kupima furushi zima kwa mkono mmoja, na takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliamua kulibeba.

Kwa katiba nzima, sioni njia nyingine iliyo rahisi, kwa sababu sura za katiba hutegemeana na huwezi kupitisha Bunge lenye mabaraza mawili huku ukikataa ugatuzi uliolifanya baraza la pili lihitajike. Kwa marekebisho, jambo ni tofauti, na hapo ndipo mswada wa maridhiano wa Kenya ulioitwa BBI (kifupi cha Building Bridges Initiative) ulipoibua mjadala ambao ningependa kila msomaji wa Afrika Mashariki aufahamu. Mswada huo, ulioungwa mkono na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Raila Odinga, ulikuwa na mapendekezo 74 ya kuirekebisha katiba. Baadhi yaligusa muundo wa serikali kuu, mengine mgao wa fedha kwa kaunti, na jingine liliongeza majimbo 70 ya uchaguzi. Je, mwananchi aulizwe swali moja juu ya yote hayo?

Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walisema hapana: walikisoma kifungu cha 257 cha katiba kuwa kinataka kila pendekezo liwasilishwe kwa wapiga kura kama swali linalojitegemea. Ukiufuata uamuzi huo kwa ukamilifu, unapata karatasi ya kura yenye makumi ya maswali, na mzee aliyepanga foleni tangu alfajiri akiwa na kalamu mbele ya orodha ndefu kuliko mkono wake. Ukiukataa kabisa, unampa mwandishi wa mswada ruhusa ya kufunga pendekezo lisilopendwa ndani ya kanga moja na mapendekezo yanayopendwa, kaunti ikapokea fedha zaidi kwa sharti la kumeza na mengine. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mswada ulianguka kwa sababu nyingine, hasa nafasi ya Rais katika kuuanzisha, na kuhusu idadi ya maswali mahakama hiyo ilisema tarehe 31 Machi 2022 kwamba wakati wa kuliamua jambo hilo ulikuwa haujafika. Kwa hiyo fundo hilo halijafunguliwa, na mwanasiasa atakayeleta mswada mwingine wenye mapendekezo mengi atalikuta palepale.

Uswisi, ambako wananchi hupiga kura za aina hii mara kadhaa kwa mwaka, imeishi na fundo hili muda mrefu, na suluhisho lake linafaa kutazamwa kwa karibu. Kwanza, pendekezo la wananchi la kurekebisha katiba lazima lihusu jambo moja; likichanganya mambo yasiyohusiana, linaweza kubatilishwa. Pili, Bunge likiweka pendekezo lake mbadala dhidi ya lile la wananchi, karatasi ya kura huwa na maswali matatu. Mpiga kura huulizwa kama anakubali pendekezo la kwanza, kama anakubali la pili, kisha, iwapo yote mawili yatapita, angependa lipi litumike. Utaratibu wa kuruhusu Ndiyo mbili uliidhinishwa mwaka 1987. Kabla ya hapo, waliotaka mabadiliko ya aina yoyote waligawana kura kati ya mapendekezo mawili, na hali iliyokuwapo ikashinda ingawa haikuwa chaguo la wengi.

Australia ilipata somo kama hilo kwa njia ngumu. Mwezi Novemba 1999 wananchi wake hawakuulizwa kwa jumla kama wanataka kuwa jamhuri. Waliulizwa kama wanataka jamhuri ambayo rais wake atateuliwa kwa theluthi mbili ya wabunge. Waliotaka rais achaguliwe na wananchi walijikuta hawana pa kusimama, na baadhi yao wakapiga kura pamoja na wafuasi wa Malkia. Pendekezo liliangushwa kwa karibu asilimia 55.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo karatasi ya kura karibu kila mara hulinyamazia: Hapana ikishinda, kinafuata nini? Kenya, Novemba 2005, rasimu ya katiba ilikataliwa kwa asilimia 58, na nchi ikaendelea na katiba ya zamani hadi 2010. Tanzania, sheria ya mabadiliko ya katiba ilieleza kwamba Katiba Inayopendekezwa, yaani rasimu mpya iliyokuwa ipigiwe kura, ikikosa kura za kutosha, Katiba ya 1977 itaendelea kutumika. Maelezo ya aina hiyo yalipaswa kumfikia kila mpiga kura, kwa kuwa Hapana ya anayependa katiba ya zamani na Hapana ya anayetaka mpya iliyo bora zaidi huhesabiwa katika rundo moja, na zikishahesabiwa hakuna awezaye kuzitenganisha.

Alama za picha nazo ni sehemu ya swali, hasa pale ambapo wapo wasiosoma. Mwaka 2005 Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilitoa ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Matunda hayo yalichaguliwa kwa kuwa kila mtu anayajua, lakini hayakubaki matunda: waliopinga rasimu walijiita kwa jina la chungwa, na kutoka kwao likazaliwa vuguvugu la ODM (Orange Democratic Movement) lililoingia katika uchaguzi wa 2007 likiwa na chungwa lile lile. Sudan Kusini, Januari 2011, mkono mmoja ulioinuliwa ulimaanisha kujitenga na mikono miwili iliyoshikana ikamaanisha umoja. Karibu asilimia 99 walichagua mkono mmoja. Mahali pa jibu na ukubwa wake pia husema. Katika kura iliyofanyika Austria mwezi Aprili 1938, baada ya majeshi ya Hitler kuingia, karatasi ilikuwa na duara kubwa katikati kwa Ndiyo na duara dogo pembeni kwa Hapana. Ugiriki, Julai 2015, jibu la Hapana ambalo serikali ililitaka liliwekwa juu ya Ndiyo, chini ya swali lililowataka wananchi kuamua juu ya nyaraka mbili za wakopeshaji zilizotajwa kwa vichwa vyake, nyaraka ambazo wachache mno walikuwa wamezisoma, na muda kati ya kutangazwa kwa kura na siku ya kupiga haukuzidi siku tisa.

Nimeliacha kwa makusudi hadi sasa lile ninaloliona kuwa zito kuliko yote, yaani nani anaulizwa na jibu lake linahesabiwa pamoja na la nani. Sheria ya Tanzania iliitaka Katiba Inayopendekezwa ipate zaidi ya nusu ya kura Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kura hiyo, iliyokuwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa, na kipimo hicho hakijawahi kujaribiwa. Majirani zetu wa Komoro walikijaribu, na matokeo yake wanaishi nayo.

Mwezi Novemba 1974 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuwauliza Wakomoro kama wanataka uhuru. Neno lililotumika kuwataja waulizwa liliwekwa katika wingi, kana kwamba visiwa vile vinne vilikuwa na jamii kadhaa za watu badala ya umma mmoja. Katika Kifaransa, wingi huo ni alama ndogo tu mwishoni mwa neno. Kura zilipopigwa tarehe 22 Desemba, visiwa vyote vikijumlishwa, karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Lakini Mayotte peke yake, ambayo wenyeji huiita Maore, takriban theluthi mbili walikataa. Anayehesabu umma mmoja alisema jibu limepatikana. Anayehesabu jamii kadhaa alisema yamepatikana majibu mawili. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 1975, na Ufaransa, ikishikilia wingi ule, ikaiandalia Mayotte kura yake tarehe 8 Februari 1976, ambapo zaidi ya asilimia 99 walichagua kubaki chini ya Ufaransa. Komoro inaendelea kukidai kisiwa hicho hadi leo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Aprili 1976, wakazi wa Mayotte waliitwa tena, safari hii kuulizwa kama kisiwa kiendelee kuwa na hadhi ya eneo la ng'ambo au kiiache. Hadhi waliyoitaka wengi wao, ya kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, haikuwamo katika majibu. Kwa utaratibu wa Ufaransa mpiga kura hutumbukiza kikaratasi cha jibu ndani ya bahasha, na watu wa Mayotte walitumia nafasi hiyo: wengi walikuja na vikaratasi vyao wenyewe, vilivyoandikwa kwamba wanataka mkoa, wakaviweka ndani ya bahasha na kuzitumbukiza kwenye sanduku. Wasimamizi walizihesabu kura hizo kuwa zimeharibika, kwa sababu hazikujibu swali lililoulizwa, na zilikuwa nyingi kuliko zile halali. Swali walilolitaka liliwafikia rasmi tarehe 29 Machi 2009, miaka 33 baadaye, na zaidi ya asilimia 95 wakajibu Ndiyo.